Kukwangua kwanza, dawa baadaye: namna ya kudhibiti utando wa bakteria katika biashara ya samaki Mombasa

Kabla ya samaki wa kwanza kulazwa mezani asubuhi, muuzaji na apitishe ncha ya kidole upande wa chini wa ukingo wa meza yake, pale maji yanapodondokea na kitambaa kisipofika. Kidole kikiteleza kana kwamba kimegusa ngozi ya pweza, basi pana kitu ambacho hakikuletwa na samaki wa leo. Huo ni utando wa bakteria, ambao wataalamu huuita bayofilamu, na mara nyingi umekaa hapo kwa siku kadhaa ukilishwa damu na ute wa kila samaki aliyepita. Ajabu ni kwamba meza hiyo huenda ilioshwa jana jioni kwa sabuni, ikamwagiwa na klorini juu yake, na mwenyewe akaenda nyumbani akiamini kwamba ameacha nyuma yake mahali safi.

Mwongozo huu umekusudiwa wale wanaoshika samaki kila siku hapa kwetu: wapokeaji wa mzigo Bandari ya Zamani, wenye meza Likoni, Tudor na Bamburi, wenye maduka madogo yenye majokofu, na mama karanga wanaokaanga jioni kando ya njia. Hauwalengi wenye viwanda vya kusafirisha samaki nje, kwa kuwa wao wana wakaguzi na maabara zao. Vifaa vyake ni vya kawaida: ndoo nne, brashi mbili ngumu, kikwangulio cha plastiki, sabuni ya maji, klorini ya dukani, kijiko cha kupimia na saa. Saa ndiyo inayosahauliwa zaidi kuliko vyote, na sababu yake itaelezwa mbele.

Utando wenyewe ni kitu gani

Samaki akilazwa juu ya meza safi, hata iwe ya chuma kisichoshika kutu, protini za damu na ute wake hunata juu ya chuma hicho kwa dakika chache tu. Tabaka hilo halionekani kwa macho, lakini ndilo mkeka ambao bakteria hujilaza. Mwanzoni hushikilia kwa ulegevu, na maji yenye nguvu kidogo huwaondoa. Zikipita saa chache hujifunga kwa nguvu, wakaanza kutoa ute wao wenyewe, mchanganyiko wa sukari, protini na chembechembe nyingine, wakajifunika ndani yake na kuzaliana. Kwa joto la Mombasa, ambalo mchana wa kaskazi hupita nyuzi 30 za Selsiasi, usiku mmoja wa unyevunyevu unatosha kuufanya utando huo uwe na mizizi, tuseme hivyo. Ukishakomaa, vipande vyake hubanduka na kumwangukia samaki wa pili, wa kumi na wa mia, ndiyo maana samaki aliyevuliwa alfajiri na kuwekwa barafu vizuri anaweza kufika kwa mnunuzi akiwa tayari ameharibika nusu.

Tatizo kubwa la utando ni kwamba unawakinga walio ndani yake. Bakteria anayeelea majini peke yake hufa upesi akikutana na klorini. Yuleyule akiwa ndani ya ute anaweza kustahimili dawa mara kumi au mara mia zaidi, na katika baadhi ya majaribio ya maabara ustahimilivu wa bakteria wa namna hii umefikia hata mara 1,000. Klorini hupambana na kila kitu chenye asili ya uhai inachokigusa, basi nguvu zake humalizikia kwenye damu, magamba na ute wa juu kabla ya kufika chini. Anayemwaga dawa juu ya meza chafu anawanyunyizia maji ya rangi tu wale aliokusudia kuwaua.

Wazee wa majahazi walilijua jambo hili kabla ya kuwako maabara yoyote. Chombo kikikaa majini huota utelezi, na juu ya utelezi ule huja mwani, na juu ya mwani huja wale viumbe wenye magamba makali wanaokifanya chombo kiwe kizito. Utelezi ule wa kwanza kwa sehemu kubwa ni utando wa bakteria, ndugu wa huu wa mezani. Nao mabaharia walikuwa wakingoja bamvua, wakakilaza chombo ufuoni maji yakitoka, wakakikwangua mpaka mbao zionekane, wakaacha zikauke, ndipo wakapaka deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kukinga mbao. Hakuna nahodha aliyepaka deheni juu ya mwani. Utaratibu wa meza ya samaki ni huohuo, ila badala ya deheni ni klorini, na badala ya mara chache kwa mwaka ni kila siku.

Wanaoishi humo

Si bakteria wote wa utando wenye kuleta maradhi. Wengi, hasa jamii za Shewanella na Pseudomonas, kazi yao ni kuozesha: ndio wanaoleta ile harufu kali ya samaki aliyelala, na wanaendelea na kazi hata ndani ya barafu, japo polepole. Hawa humtia muuzaji hasara ya fedha.

Wanaoleta maradhi ni wengine. Jamii ya Vibrio ni wenyeji wa maji ya bahari yenye joto, na hupenda kushikamana na gamba la kamba na kaa kwa sababu gamba hilo lina kitini, yaani ile dutu ngumu inayolijenga, ambayo wanaweza kuila. Vibrio parahaemolyticus akipata joto na chakula anaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika kumi hivi, jambo linaloeleza kwa nini beseni la kamba lililoachwa juani kwa saa mbili si beseni lile lile lililoletwa. Baridi humzuia Vibrio, lakini haimzuii Listeria monocytogenes, ambaye hukua hata karibu na nyuzi sifuri. Yeye makazi yake ni majokofu, mifereji ya sakafuni na mipira ya milango, na ni hatari zaidi kwa wajawazito, watoto wachanga na wazee. Kisha wako wale kama Morganella morganii, wanaoishi katika matamvua na matumbo, ambao hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, katika nyama ya jodari, nguru na vibua. Mlaji huwashwa, uso humwiva wekundu, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, naye husema samaki alikuwa na sumu. Histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kukaangwa, kwa kuchemshwa wala kwa kugandishwa. Kisu kilichopasua matumbo ya jodari wa jana na kulala bila kusuguliwa kinawapeleka bakteria hao moja kwa moja katika nyama ya jodari wa leo.

Maji ya Mombasa na taabu zake

Ushauri mwingi wa usafi huanza kwa maji safi ya mfereji yanayotoka saa zote, na hapo ndipo unapokosana na maisha yetu. Wauzaji wengi hutegemea maji ya visima au ya mikokoteni. Maji ya visima vya kisiwani hutoka katika mwamba wa matumbawe. Ni ya chumvichumvi na ni mazito kwa chokaa, hivyo sabuni ya mche haitoi povu ndani yake, bali hufanya mabaki meupe yanayonata mezani. Mabaki hayo yenyewe huwa makao mapya ya bakteria. Mwenye maji ya kisima na atumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au sabuni ya unga isiyo na manukato makali, na ayatunze maji matamu machache aliyo nayo kwa suuza ya mwisho na kwa kuchanganyia dawa.

Maji ya kuchota bandarini au kwenye hori la Tudor yasitumike kumwoshea samaki wala meza. Yanaonekana ya bure, lakini maji ya karibu na mji hupokea maji taka ya majumba, na kuyatumia ni kuirudishia meza kile kilichotoka kuondolewa. Anayetaka maji ya bahari kwa ajili ya kumsafisha samaki aliyetoka kuvuliwa na achote mbali, nje ya mwamba, wakati chombo bado kiko safarini.

Pipa au tangi la kuwekea maji nalo huota utando kwa ndani. Liwe na kifuniko, na lisuguliwe mara moja kwa mwezi. Kopo la kuchotea lining'inizwe, lisielee ndani.

Kazi ya jioni, hatua kwa hatua

Kwanza ondoa vyote vinavyoonekana pasipo maji. Magamba, matumbo, vipande vya mapezi na barafu chafu vikwanguliwe na kutiwa katika ndoo yenye kifuniko. Wengi huanza kwa kumwaga maji, na matokeo yake ni kwamba uchafu uliokuwa mahali pamoja huenea miguuni, ukutani na kwenye meza ya jirani.

Kisha mimina maji ya baridi au ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Maji ya moto sana huipika damu iliyobaki ikagandamana na chuma kama ute wa yai unavyogandamana na kikaango, na baada ya hapo haiondoki kwa urahisi. Wako wanaojivunia kuanza na birika linalochemka. Nia yao ni njema, ila wanaupikia utando mkeka wake.

Baada ya maji ya kwanza, ndiyo zamu ya sabuni, nayo ndiyo kazi yenyewe. Paka maji ya sabuni ya vuguvugu, yaache juu ya meza kwa dakika tano hadi kumi ili yalainishe protini na mafuta, halafu sugua kwa brashi ngumu kwa nguvu za mkono, ukitoka juu kwenda chini. Ute wa bakteria hauyeyuki kwa kutazamwa; hubanduliwa. Brashi ipite pembeni, kwenye maungio ya vigae, chini ya ukingo, kwenye miguu ya meza na kwenye vichwa vya misumari. Sponji haifai kwa kazi hii, kwa sababu yenyewe ina vitundu elfu vinavyokaa na maji, na kitambaa kimoja kinachofuta kisu, mikono, meza na mizani ni njia ya kuwapeleka bakteria kila mahali kwa zamu. Waya wa kusugulia nao huchuna plastiki na kuacha mikwaruzo ambamo utando wa kesho utajificha. Utumike kwenye chuma kigumu tu, tena kwa uangalifu.

Suuza mpaka povu lote liondoke. Mabaki ya sabuni hupunguza nguvu ya dawa nyingine, hasa zile za jamii ya amonia zinazouzwa kwa wenye mahoteli.

Hapo ndipo klorini inapoingia, juu ya meza ambayo kwa macho na kwa kidole tayari ni safi. Iache meza ikiwa imelowa dawa kwa dakika kumi kamili, na hii ndiyo kazi ya saa. Dawa iliyomwagwa na kufutwa papo hapo haikupata nafasi ya kufanya lolote. Mwishowe iinamishe meza ikiwezekana, maji yachuruzike, nayo ikauke kwa upepo. Usiikaushe kwa kanga kuukuu wala kitambaa kilichotumika mchana. Utando hauwezi kujengeka pasipo unyevu, na usiku mmoja wa ukavu una thamani kuliko chupa nzima ya dawa. Wakati wa masika, ambapo hewa ni nzito na vitu havikauki, vyombo vidogo vitundikwe badala ya kupangwa kimoja ndani ya kingine.

Mchana, biashara inapoendelea, si lazima kupitia yote hayo kila mara, lakini meza na ubao wa kukatia vikwanguliwe, visuguliwe na kutiwa dawa angalau kila baada ya saa nne. Kwa maoni yangu, siku za kaskazi saa nne ni nyingi. Adhuhuri moja ya kati, wakati wateja wamepungua, ni bora ikatumika kwa usafi kuliko kwa mazungumzo.

Kipimo cha klorini

Kuotea kwa jicho ndilo kosa la kawaida. Kidogo hakiui, na kingi huchoma mikono, hula chuma na humwachia samaki harufu. Kwa vitu vinavyoguswa na samaki, kiasi kinachofaa ni miligramu 200 za klorini kwa kila lita ya maji. Ipo hesabu rahisi: soma lebo uone asilimia ya klorini, kisha gawa 200 kwa asilimia hiyo, jawabu ni mililita za kutia katika ndoo ya lita 10. Chupa ya asilimia 3.5, ambayo ni ya kawaida madukani, itahitaji mililita 57, yaani takriban vijiko vinne vikubwa vya mililita 15. Chupa ya asilimia 5 itahitaji mililita 40. Anayetumia klorini ya unga ya asilimia 65 anahitaji gramu 3 tu kwa ndoo hiyo, na aiyeyushe kwanza katika kikombe cha plastiki chenye maji, kwani punje zisizoyeyuka hutoboa nguo na hutia doa la kutu kwenye chuma.

Kwa sakafu na mifereji ya maji machafu, dawa iwe kali zaidi, kama mililita 150 za ile ya asilimia 3.5 kwa lita 10, na isipelekwe mezani.

Klorini isiyo na lebo, ile inayouzwa kwa kupimiwa katika chupa za soda, haina hesabu, kwa kuwa hakuna ajuaye imekwisha kuongezwa maji mara ngapi, na jua la Mombasa linapoipiga chupa isiyo ya giza nguvu zake hupotea haraka. Mchanganyiko wenyewe utengenezwe upya kila siku, na ukishachafuka umwagwe hata kama ni saa moja tu imepita. Karatasi za kupimia klorini zinazouzwa na wanaohudumia mabwawa ya kuogelea huko Nyali zinafaa kuhakikisha, mradi zile zinazofika kiwango cha 200.

Onyo moja halina mjadala. Klorini isichanganywe na siki, ndimu wala asidi yoyote, na isichanganywe na dawa yenye amonia. Hutoa hewa ya sumu inayoweza kumwangusha mtu katika chumba kidogo. Mara moja kwa wiki ni vizuri kuondoa chokaa kwenye vyuma na vigae kwa siki, kwa sababu chini ya chokaa ndimo utando unapojificha. Lakini kazi hiyo ifanywe siku yake, na meza isuuzwe kwa maji mengi kabla klorini haijakaribia.

Na ndimu? Kumpaka samaki ndimu huondoa harufu na hupendeza mlaji, lakini haisafishi meza. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini yamejaribiwa katika maabara na yameonyesha uwezo wa kudhoofisha utando, habari inayotufurahisha watu wa pwani, ingawa majaribio ya maabara hayajawa dawa ya kumwagia kwenye kigogo cha kukatia.

Vyombo vyenye hila zake

Kigogo na ubao wa mti vinapendwa kwa kuwa havichakazi makali ya kisu. Mbao ngumu isiyo na nyufa, ikisuguliwa kwa chumvi ya mawe na brashi, ikasuuzwa, ikatiwa dawa na kusimamishwa juani mpaka ikauke, inaweza kutumika kwa miaka. Iliyopasuka haisafishiki kwa njia yoyote, kwa kuwa brashi haifiki ndani ya ufa na maji hubaki humo usiku kucha. Ipelekwe kwa seremala ikarandwe, au iwe kuni. Ubao wa plastiki una sifa ya kuwa wa kisasa, lakini mikwaruzo yake ikishakuwa mingi hauna tofauti na mti uliopasuka. Uparuzwe kwa msasa au ubadilishwe.

Kisu kisiwe na mpini wa mti uliofungwa kwa kamba au mpira wa baiskeli. Ninafahamu kwamba ndivyo visu vingi vilivyo, na kwamba mpini huo haumtelezi mtu mkononi. Lakini ule mpira ukifunguliwa baada ya miezi mitatu, harufu yake ndiyo ushahidi. Mizani nayo husahauliwa, ilhali sahani yake humgusa kila samaki anayeuzwa siku nzima, kutoka taa mpaka changu.

Sanduku la barafu linahitaji maneno zaidi. Kwa muda wa zaidi ya mwezi niliwahi kumlaumu muuzaji mmoja wa barafu kwamba barafu yake ilikuwa ya maji mabaya, kwa sababu tafi wangu walikuwa wakinuka kabla ya jioni. Nikambadilisha, na tafi wakaendelea kunuka. Siku nilipochomoa kizibo cha tundu la kutolea maji nikaingiza kidole, kilitoka na kitu cha kijivu kama uji. Barafu ya yule bwana ilikuwa safi. Kila maji yaliyoyeyuka yalikuwa yakipita katika tundu lile, na kila nilipolijaza sanduku maji yakapanda, yakawafikia samaki wa chini. Tangu hapo naliosha tundu kwa brashi ndogo ya kuoshea chupa za watoto, na kizibo nakilaza ndani ya klorini kwa dakika kumi kila jioni.

Masanduku ya povu jeupe jepesi yana vitundu na hubomoka. Ni ya kubebea mara moja, si ya kutumia mwaka mzima. Tenga na makapu ya ukindu ni mazuri kwa nazi, lakini kwa samaki wabichi huwa na mianya isiyohesabika. Barafu isiburutwe sakafuni, isivunjiwe juu ya gunia, na iliyokwisha kugusa samaki isirudishwe kwa samaki wengine. Samaki akae katika nyuzi 4 au chini, barafu ikimfunika juu na chini, na maji ya kuyeyuka yawe na pa kutokea.

Kwenye jokofu, tazama mpira wa mlango na trei ya maji iliyo chini au nyuma. Hapo ndipo Listeria hukaa kwa raha. Kwenye mifereji ya sakafuni, sugua kwa brashi iliyotengwa kwa kazi hiyo, ikiwezekana ya rangi tofauti, wala usielekeze mpira wa maji wenye kasi ndani ya mfereji, kwa sababu matone madogo huruka na kutua mezani ulipotoka kupasafisha.

Kwa mama karanga na kila anayepika

Mafuta yanayochemka humwua bakteria wa samaki bila shida. Hatari huja baada ya samaki kutoka karaini. Akilazwa katika beseni lile lile alimokuwa akisubiri akiwa mbichi, au akigeuzwa kwa uma uliomtia ndani, hupokea bakteria wapya akiwa na joto linalowafaa kabisa, na hakuna tena moto wa kuwaua. Vibrio parahaemolyticus alitambuliwa Japani kutokana na mkasa wa aina hii: mwaka 1950, mjini Osaka, watu 272 waliugua na 20 wakafa kwa kula samaki wadogo waliokwisha kuchemshwa na kukaushwa nusu. Samaki walikuwa wamepikwa.

Basi vyombo viwe jozi mbili, na visifanane. Mama mmoja ninayemfahamu upande wa Majengo ana beseni la buluu la wabichi na sinia la bati la waliokaangwa, na msichana anayemsaidia anajua kwamba mkono ulioshika buluu haugusi bati mpaka uoshwe kwa sabuni. Nilipomwuliza kama kuna aliyemfundisha, alinijibu, "Mwanangu, wateja wangu ni majirani zangu. Akiumwa mmoja, nitajua kabla ya alfajiri."

Kujua kama umefaulu

Macho hudanganywa na meza inayong'aa. Kipimo cha kwanza ni kidole, kama kilivyotajwa mwanzo: uso safi hukwaruza kidogo chini ya kidole kilicholowa, na uso wenye utando huteleza. Cha pili ni maji: yakimwagwa juu ya chuma safi hutandaa sawasawa, na penye mafuta hujikunja yakawa matone.

Cha tatu huhitaji chupa ndogo ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Baada ya kuosha na kusuuza, kabla ya klorini, dondosha matone machache mahali unapopashuku. Bakteria wengi wa utando, na damu ya samaki pia, wana kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo, nayo hutoa vipovu. Povu likitokea, haijalishi ni la bakteria au la damu, maana yake ni moja: brashi haikufika. Pasiwe povu, si hakikisho kamili, kwani wako bakteria wasio na kimeng'enya hicho. Fanya hivyo mara moja kwa wiki katika sehemu zile zile tano: ukingo wa chini wa meza, ubao, mpini wa kisu, tundu la sanduku na mpira wa jokofu, na uandike matokeo kwenye daftari la mauzo, pembeni.

Sehemu inayotoa povu wiki ya kwanza isuguliwe upya papo hapo. Ikitoa tena wiki ya pili, ongeza muda wa sabuni kutoka dakika tano hadi kumi na tano na ubadilishe brashi. Ikiendelea wiki ya tatu, sabuni haina tena la kufanya pale. Aitwe fundi azibe ufa, aung'oe mpira, au aikate mbao ile na kuweka nyingine.